Stori yako ya vampaya haichekeshi, au inachekesha ila haiwafikii watu? Tuikague

Mi naandika stori za kuchekesha za vampaya. Ndio, vampaya, mnyonya damu, yule wa meno mawili marefu, ila wa kwangu anaitwa Kalisti, kwao Kibosho, Uchagani kule mlimani Kilimanjaro, na saivi kapanga chumba kimoja hapa Sakina Arusha, dirisha lote kalibandika maboksi ya televisheni ili jua lisipite. Nimeshaandika sehemu sitini na kitu. Nyingine watu walinipigia simu wakiwa bado wanacheka, nyingine zilikufa kifo cha mende, na kila inayokufa huwa naifungua kama fundi redio, natafuta nini kimeungua. Haya ndo niliyoyakuta humo ndani. Unaanza na dalili, yaani kile unachokiona kwa wasomaji wako, afu tunashuka taratibu mpaka kwenye chanzo.

Kabla hujagusa kitu fanya kipimo kimoja. Msomee mtu stori yako kwa sauti, na asiwe rafiki yako, rafiki atacheka kwa huruma. Mi nawasomea madereva boda kijiweni wakiwa wanasubiri abiria. Usiangalie anacheka wapi, angalia anatoa simu mfukoni wapi. Weka alama hapo, maana tatizo liko mistari mitatu au minne juu ya hiyo alama, na wengi tunakosea tunaenda kurekebisha pale pale alipotoa simu.

DALILI: Watu wanaogopa au wanakasirika, hakuna anayecheka

Naanza na hii kwa sababu ndo inaweza kukuletea kesi. Sehemu yangu ya kwanza kabisa niliianza hivi: "Jana usiku mtaa wa pili kuna mtu kanyonywa damu." Nikaituma kwenye grupu la watu wanaonijua. Ndani ya lisaa limoja ilishafowadiwa magrupu matano, jina langu limeshakatwa, na jioni namuona mama mwenye nyumba anafunga geti kwa kufuli mbili. Kesho yake mjumbe akaniita nikaeleze. Nikamwambia mzee ile ni komedi. Akaisoma yote mbele yangu, kimya, akavua miwani akasema, "Sasa komedi iko wapi?" Na alikuwa sahihi, haikuwepo.

Chanzo ni kwamba sisi tayari tunaye mnyonya damu wetu, mumiani, na yule si wa kuchezea. Toka enzi za mkoloni huku Afrika Mashariki kulikuwa na uvumi wa watu wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu, sehemu nyingine wakaitwa wazimamoto, kwingine chinjachinja, mpaka mwanahistoria Luise White akaandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, kilitoka 2000. Sasa mwangalie mumiani alivyo. Ni mtu mzima mzima, ana gari, ana sindano, ana bosi, na damu yenyewe hanywi, anaenda kuuza. Vampaya ni marehemu, hana bosi, anakunywa mwenyewe na ana adabu za ajabu, haingii ndani mpaka umwambie karibu. Ukichanganya hawa wawili bila kujua, msomaji anapokea mumiani, na mumiani kwa mtu wa huku ni taarifa, hajawahi kuwa hadithi. Malawi mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulifanya watu wauawe na makundi ya raia wenye hasira, mpaka Umoja wa Mataifa wakatoa wafanyakazi wao kwenye wilaya mbili za kusini. Kwa hiyo hili sio la kusema aah watu washamba hawaelewi utani.

Dawa yake: mstari wa kwanza uwe na kitu ambacho hakuna mtu timamu anaweza kukiamini. Mi saivi nafungua na "Kalisti alikufa mwaka 1911, mwaka reli ya Tanga inafika Moshi, na mpaka leo analalamika hakuipanda." Hiyo hata ukiifowadi bila jina hakuna atakayefunga geti. Pia andika jina la stori na namba ya sehemu ndani ya maandishi yenyewe, juu na chini, sio kwenye picha tu, maana picha hubaki nyuma wakati wa kufowadi. Usitaje zahanati halisi, usitaje mtaa pamoja na tarehe, na tafadhali usiandike kitu cha kuwafanya watu waogope kwenda kuchangia damu. Ukitaka kugusa hapo gusa kwa upande mwingine. Kalisti wangu anawaheshimu sana watu wa damu salama. Alisikia mtu anatoa kama mililita 450 na mwanaume anarudi baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, basi akaenda kununua kalenda akawapangia majirani zake wote, na mtu miezi yake ikiwa haijafika hamgusi hata awe kalala mlango wazi.

DALILI: "Hii si tumeshaiona kwenye muvi"

Ukisikia hivi fungua ukurasa wako wa kwanza uhesabu. Kuna kasri? Kuna koti refu jeusi lenye kola? Kuna popo, ukungu, mbwa mwitu wanalia? Mbwa mwitu wanalia wapi, Unga Limited hapa mjini? Kwa kuhesabu hivyo utaona mwenyewe kwamba uliandika kutoka kwenye kumbukumbu ya muvi, na msomaji muvi hiyo hiyo anayo kwenye flashi.

Watu wanafikiri Bram Stoker, yule aliyeandika kitabu cha Dracula, alikuwa mtu wa Transylvania, kule Romania kwenye kasri la Dracula. Alikuwa Mwairishi anayefanya kazi London, Dracula yake ilitoka 1897, na huko Transylvania hakuwahi kufika, alisoma vitabu maktaba akaokoteza. Kwa hiyo kutofika sio dhambi. Ila yeye aliokoteza sheria, mambo ya kwamba vampaya haonekani kwenye kioo, anaogopa kitunguu saumu na msalaba, hawezi kuvuka maji yanayotiririka kwa nguvu zake mwenyewe, lazima akaribishwe mara ya kwanza, na lazima alale kwenye udongo wa kwao, ndo maana yule wa kwake alisafiri na masanduku 50 ya udongo mpaka Uingereza. Hizo sheria ndo mali. Kasri ni mapambo tu, liache huko huko.

Chukua sheria moja moja uipeleke mtaani kwako uone inagonga nini. Hapa ndo naomba tukae kidogo maana ndo penye utajiri wote.

Udongo wa kwao. Mchaga gani hajui uzito wa hilo? Mtu hata akifia Mwanza anarudishwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Sasa Kalisti anaishi Sakina, hawezi kulala bila udongo wa Kibosho, na ule aliokuja nao kwenye kiroba umeisha nguvu. Anarudi nyumbani kuomba kiroba kimoja. Kihamba saivi kinashikiliwa na mjukuu wa mdogo wake, kitinda mimba wa kitinda mimba, na yule kusikia neno "udongo" tu kashaita kikao cha ukoo. Wazee wamekaa chini ya migomba na mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Wanauliza, unataka udongo wa upande gani, wa juu au wa chini barabarani? Kuna mmoja kaja na ramani. Kalisti anasema nataka wa kulalia tu. Wanaangaliana. Mzee mmoja anasema, "Hata marehemu baba yako alianza hivi hivi, akaomba sehemu ya kulala." Kikao kimeahirishwa mara nne, sehemu nane za stori zimetoka hapo na bado kiroba hakijajaa. Hiyo sijaiona kwenye muvi yoyote na haikuhitaji popo hata mmoja.

Maji yanayotiririka. Mlimani kwetu kuna mifongo kila mahali, ile mifereji ya asili ya kumwagilia. Vampaya huko ni kama mfungwa. Kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine anakuta mfongo, lazima abebwe, na anayembeba ni mtoto wa darasa la tano anayemchaji mia mbili kuvuka na mia tano kurudi, kwa sababu ya kurudi ni usiku wa manane.

Kuhesabu. Hii haitoki kwa Stoker, ni imani ya zamani ya Ulaya kwamba ukimwaga nafaka ndogo ndogo mbele ya vampaya lazima asimame azihesabu zote. Sasa mbege ukiacha ndizi inapikwa na nini? Ulezi. Kalisti hawezi kupita kwa mama mpika mbege siku ameanika ulezi, kwa kuhesabu kachelewa harusi mbili na msiba mmoja. Na Desemba watu wakipanda mlimani tunasema wanaenda kuhesabiwa, basi ukoo mzima ukamgundulia kazi.

Na masale. Hii nilikutana nayo kwa bahati nikabaki nimeduwaa. Lile jani tunalopeleka tukiomba msamaha, na ndo tunapandia mipakani, jina lake la kisayansi ni Dracaena, neno la Kigiriki lenye maana ya joka jike. Na Dracula, jina la mtawala wa kweli wa zamani kule Romania, maana yake mtoto wa Dracul, jina alilopewa baba yake kwa sababu ya kuingia kwenye Chama cha Joka mwaka 1431. Jani na vampaya ni ukoo mmoja wa majoka! Kwa hiyo Kalisti akimng'ata mtu anarudi kesho yake jioni na isale mkononi, na kwa mila ukishaletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Mtaa mzima wamemchoka kwa ajili ya hilo.

DALILI: Sehemu ya 1 watu wamekufa mbavu, ya 3 kimya

Hapa chanzo karibu kila mara ni kimoja, umelegeza sheria. Ulisema haonekani kwenye kioo, afu sehemu ya 3 ukataka kumpeleka saluni ukamfanya aonekane "kidogo". Ulisema jua linamuua, afu ulipokwama ukamvalisha miwani akatembea mchana. Msomaji hatakulaumu, hatajua hata kwa nini hacheki, ila ameshagundua kwamba huyu mtu hana shida ya kweli, akibanwa mwandishi atamfungulia mlango wa nyuma.

Chagua sheria zako mapema, uko huru kabisa. Hata hilo la jua, wengi hawajui kwamba Dracula wa Stoker alikuwa anatembea London mchana, nguvu zinapungua tu. Jua kumuua vampaya lilikuja na filamu bubu ya Kijerumani, Nosferatu, ya 1922. Kwa hiyo ukisema wa kwako anatembea mchana hujakosea, ila ukishasema, basi. Mi nilichagua jua linamuua, kwa sababu ya hapa tulipo. London mwezi wa sita giza halifiki masaa nane, mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni jua limeshazama. Huku mwaka mzima jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika chache huku na huku. Vampaya wa Arusha ana shifti. Na mtu mwenye shifti ya usiku anafanya kazi gani? Kalisti ni mlinzi Njiro.

Nawawekea kipande, kilivyo:

Saa kumi na mbili na dakika tano. Kalisti kasimama getini na kirungu, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Kule upande wa Moshi mbingu ilikuwa chai ya rangi, saivi inaanza kuwa chai ya maziwa. Akapiga simu.
"Julius uko wapi?"
"Nipo hapa hapa mzee, nimeshafika."
Kwenye simu konda anasikika anaita Ngaramtoni, Ngaramtoni, Ngaramtoni.
"Julius mwanangu. Hapa hapa ni wapi?"
"Nashuka saivi mzee, we niandikie tu nimeingia."
Maziwa yakazidi kwenye chai. Kalisti akaanza kunuka kama nywele zilizoguswa na pasi.
"Julius, nitakufa."
"Usiseme hivyo mzee, hata bosi hajaamka."

Ona pale sijatunga kichekesho chochote. Sheria ni moja, jua likitoka anaungua, na haijalegea hata nywele. Kilichobaki ni mlinzi wa mchana kuchelewa na ile "nipo hapa hapa" ambayo kila mtu ameshaambiwa na ameshawaambia wengine. Madereva boda nilipowasomea walianza kubishana Julius alikuwa wapi hasa, mmoja akasema huyo bado yupo kitandani na konda ni wa nje dirishani.

Kuna sheria moja ilinisumbua miezi, ile ya kukaribishwa. Ulaya inatisha kwa sababu mlango umefungwa na watu hawasemi karibu hovyo. Huku mtu akipiga hodi unasema karibu kabla hujajua ni nani, hata ukiwa bafuni. Nilijaribu kuifanya itishe ikakataa, nikajaribu mageti na walinzi, ikakataa. Mwisho nikaiacha ishinde. Kalisti anakaribishwa kupita kiasi. Ameingia kufuata damu, kawekewa kiti, kaletewa maji ya kunawa, kaletewa mtori, kaambiwa amfundishe mtoto hesabu, na kwa adabu zake hawezi kumng'ata mtu aliyemtilia chakula. Anatoka saa nne usiku kashiba ndizi na njaa iko pale pale. Siku moja wamechinja mbuzi wakamletea kisusio, supu yenye damu ndani, bakuli limejaa, wala hajaomba. Alilia. Akamsimulia mlinzi mwenzake ambaye ni Mmasai, akidhani atashangaa, yule akamuuliza tu, "Sasa mnakunywaje damu bila maziwa?"

DALILI: Kichekesho kipo, unakiona mwenyewe, ila kinapita hewani

Hapa tunaangalia sentensi. Mara nyingi neno la kuchekesha limezikwa katikati afu nyuma yake umeweka maelezo. "Alisema nitakufa Julius, kwa sababu kama mnavyojua vampaya wakipigwa na jua huungua." Futa yote baada ya Julius. Na ukishaweka zile katuni nane za kucheka machozi mwisho wa sentensi umeshacheka kabla ya msomaji, hana tena cha kufanya.

Kingine ni utani uliochakaa. Mchaga na pesa, jamani, tumechoka, hata sisi Wachaga tulishaacha kukasirika. Tafuta kitu ambacho bado kina maji. Mfano shikamoo. Kalisti alikufa ana miaka 31 na uso ukabaki hapo hapo, kwa hesabu ana zaidi ya mia na arobaini. Kila jioni inabidi amwamkie shikamoo mzee wa miaka 60 ambaye yeye anamuona ni mtoto wa juzi, na mzee anaitikia marahaba kwa dharau huku anakohoa. Mara moja moja inamtoka bahati mbaya, anasubiri aamkiwe yeye. Kimya kinatanda. Hiyo haihitaji kueleza.

Lafudhi nayo, usiiandike kila neno. Weka "mbe" moja, "aisee" moja, inatosha, msomaji atajisomea mwenyewe kwa sauti ya mjomba wake.

DALILI: Umetuma, hakuna anayesema kitu

Kabla hujajiona huna kipaji angalia kama imefika. Mi nilituma kwa brodkasti ya WhatsApp miezi miwili nikidhani watu wamenichoka. Brodkasti inamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Wengi wao nilikuwa nimewasevu mimi, wao hawajanisevu, hawakupata hata neno. Dawa ni kumwandikia kila mtu mmoja mmoja, "nisevu, andika Kalisti, ukishasevu nitumie neno DAMU". Inachosha ila nilifanya jumapili mbili ikaisha. Brodkasti moja inabeba watu 256, grupu linabeba 1024, ila grupu nalo lina shida zake, sehemu ya 12 inatoka saa tatu usiku, ikifika saa tatu na dakika kumi imeshafunikwa na tangazo la kiwanja cha Usa River na mtu anayetakia wenzake usiku mwema na picha ya maua. Funga grupu admini pekee ndo aandike, maoni yaende kwingine.

Kama imefika na haifunguliwi, soma ulichoweka mstari wa kwanza. "Habari za muda huu wapenzi wasomaji, poleni na majukumu, leo tena tunaendelea na" na hapo WhatsApp imeshakata. Mtu kwenye notifikesheni kaona salamu tu, anadhani ni mchango wa harusi. Anza na Kalisti yuko kwenye matatizo, salamu zije mwisho.

Kama ni PDF, karibu nina uhakika umeiacha A4. Kwenye simu ndogo A4 inageuka mchwa, mtu anavuta kulia, anarudisha kushoto, kichekesho kimekatika katikati ya kuvuta. Badilisha ukurasa uwe A6, yaani milimita 105 kwa 148, herufi saizi 14, pembeni acha kidogo sana. Na picha ya jalada ipunguze uzito kabla hujaiweka, mi ya kwanza peke yake ilikuwa inakula bando kuliko stori nzima.

DALILI: Wanasoma wote, analipa mmoja

Nauza sehemu tano tano kwa pamoja buku, kwa sababu ukiuza moja moja kwa mia mbili makato ya kutuma yanamuuma mteja kuliko bei yenyewe. Na itavuja. Nimeshatumiwa stori yangu mwenyewe na shemeji yangu akiniambia "soma hii, jamaa anajua". Nilikasirika siku nzima afu nikakumbuka mambo ya Nosferatu. Wale waliitengeneza kutoka kwenye kitabu cha Stoker bila ruhusa, mjane wake Florence akawafuata mahakamani Ujerumani, akashinda, ikaamriwa kopi zote ziharibiwe. Ila nyingine zilishatoka nje, na ndo maana mpaka leo filamu ipo. Alikuwa na haki na hukumu mkononi na bado haikuzuilika, sembuse mi na skrinshoti za Kaloleni. Ninachofanya ni kuweka jina la stori na namba yangu ya kulipia ndani ya sentensi za stori, sio pembeni ambako watu wanakata. Kalisti mwenyewe anaitaja namba akiwa anamwelekeza mteja. Wanaovujisha wananitangazia bila kujua, na kila mwezi kuna wawili watatu wanalipa kwa aibu.

Kama unaogopa upande wa pili, yaani kwamba we ndo unamwibia Stoker, hapana. Alikufa 1912, kitabu kimeshatoka kwenye hakimiliki, Dracula na sheria zake ni za kila mtu. Usichukue tu sura na maneno ya muvi za juzi, hizo zina wenyewe. Ya kwako inalindwa ukishaiandika, sheria yetu ya hakimiliki ni ya 1999, na ukitaka karatasi ya kuonyesha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. ISBN, ile namba ya kitabu, wanatoa Maktaba Kuu ya Taifa.

DALILI: Umechapa kijitabu, kina kurasa tupu katikati ya stori

Hii fupi. Kijitabu cha kukunja na kupiga pini kati kinaenda kwa kurasa nne nne. Mi nilipeleka kurasa 46 kwenye steshenari moja mjini, kijana hakuniuliza, akaweka mbili tupu mahali alipoona panafaa, ukurasa wa 23, katikati ya kikao cha ukoo. Wasomaji watatu walinisifia kwamba ule ukimya wa kurasa mbili ulikuwa mzuri sana. Hesabu mwenyewe, na uchapishe kimoja kwanza kabla ya hamsini. Vya kwangu vinauzwa kwa mangi wa dukani karibu na sabuni, na viwili vitatu kwa dada anayeuza magazeti stendi. Vinatoka vizuri Desemba, watu wanapanda mlimani na safari ni ndefu.

DALILI: Analipa kila wiki ila ukimuuliza hajasoma hata moja

Nilikuwa na mama mmoja wa Himo, analipa buku yake bila kukosa, afu ananipigia, "mwanangu hebu nieleze Kalisti kafikia wapi, macho yangu hayaoni hizo herufi." Nikawa namsimulia. Baadaye nikaona nirekodi tu nimtumie sauti, dakika sita saba, nasoma kama ninavyosoma kijiweni. Akazipeleka kwa wenzake kwenye vikoba, saivi wanaotaka sauti wanakaribia kuwapita wanaotaka maandishi. Rekodi usiku sana boda zikishalala, jifunike blanketi wewe na simu, chumba kisipige mwangwi. Mbwa wa jirani yangu hapa Sakina hanyamazi, nilishindwa kumtoa kwenye ile sehemu ya Kalisti na Julius, nikaituma hivyo hivyo. Yule mama akanipigia kuniuliza yule mbwa mwitu nilimpata wapi.